Mjusi wa kijani wa Pemba: kwetu amejaa tele, kwingine hayupo

#1 MpembaWaTemeke

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu, leo umeme upo na watoto wamelala, acha niandike.

Nimezaliwa Pemba, upande wa Konde. Nyuma ya jiko la bibi kulikuwa na migomba na minazi mitatu, na kwenye ile migomba hakukosekani mjusi wa kijani. Si kijani cha kufifia. Ni kijani cha jani changa la mgomba likipigwa na jua la asubuhi, mpaka unajiuliza nani kampaka rangi. Mkubwa wake, ukipima na mkia, anafika kama sentimita 16. Anatembea mchana kweupe, kichwa chini miguu juu, anakutazama huku analamba jicho lake kwa ulimi.

Sisi watoto hatukuwa na habari naye. Tulimrushia mawe, tulimtega kwa kitanzi cha uzi kilichofungwa kwenye chelewa. Siku moja nikamshika mmoja kwa mkono. Akajinyonganyonga, nikambana kidogo tu, na ngozi ya ubavu ikabaki kwenye vidole vyangu, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Nikamwachia nikakimbia kujificha chooni, nikijua nimemchuna kiumbe cha Mungu yungali hai. Ukubwani ndiyo nikasoma kwamba hawa wameumbwa hivyo: mkia unakatika, na ngozi nayo inaachia, adui abaki na kipande mwenyewe aende zake. Lakini lile joto la aibu bado nalikumbuka.

Nikaja Dar. Nyumba niliyopanga Temeke ina migomba miwili uani. Mwezi mzima najisemea, mbona huyu bwana simwoni? Nikamuuliza jirani, akacheka: "Mjusi wa kijani? Wewe unamsema kinyonga." Nikanyamaza, nikadhani labda Dar kuna vumbi sana.

Miaka ikapita ndiyo nikatafuta. Anaitwa Phelsuma parkeri. Makazi yake porini: kisiwa cha Pemba. Basi. Hakuna Tanga, hakuna Mombasa, hakuna bara la Afrika lote, hakuna Asia. Kile nilichokipiga mawe nikitoka chuoni kilikuwa kisiwani kwetu tu katika dunia nzima.

Naendelea, msifunge mlango.

#2 Kibarua_Mstaafu

Nimeshatandika mkeka. Mwaga mkuu.

#3 MzeeWaKaratasi

Mjusi ni mjusi tu. Tuambie anauzwa shilingi ngapi.

#4 MpembaWaTemeke

@MzeeWaKaratasi hilo swali litafika, na utajuta kuliuliza.

Turudi nyuma. Aliyemwandika kitaalamu kwa mara ya kwanza ni Arthur Loveridge, mwaka 1941. Huyu mzungu aliifahamu Afrika Mashariki, alifika Nairobi 1914, akafanya kazi Tanganyika, halafu tangu 1924 akawa kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jina parkeri ni la Parker, mtaalamu wa wanyama watambaao kwenye makumbusho ya London.

Kinachonishangaza ni kwamba andiko lile moja la 1941 lilitoa viumbe vinne kwa mpigo, vyote vya Pemba: huyu wa kijani, mjusi mwingine mdogo zaidi (Lygodactylus pakenhami), chura (Phrynobatrachus pakenhami), na nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu anayeishi ardhini (Leptotyphlops pembae). Pakenham alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar aliyependa wanyama. Kwa hiyo tuna mjusi wa Parker, mjusi wa Pakenham na chura wa Pakenham. Hakuna hata mmoja mwenye jina la Mpemba, na nina hakika waliopanda ile minazi kuwakamata hawakuwa wazungu. Hayo ya moyoni mwangu tu, tuyapite.

Mwanzo Loveridge alimhesabu kama tawi la mjusi mkubwa wa kijani wa Madagaska. Baadaye wataalamu wakaona hapana, huyu ni wa peke yake.

#5 binti_wa_Forodhani

Samahani kaka, Unguja pia tunao. Nimewaona kwa macho yangu kwenye minazi. Msijimilikishe kila kitu nyinyi Wapemba, popo wenu, bundi wenu, sasa na mijusi 😂

#6 MpembaWaTemeke

Hahaha dada yangu, popo na bundi ni wetu kweli, hilo halina kesi. Ongeza njiwa wa kijani na chozi wa Pemba.

Unayemwona Unguja ni ndugu yake, Phelsuma dubia. Huyo ni msafiri, yuko Komoro, yuko Msumbiji, yuko pwani yetu kwingine, na inadhaniwa sehemu nyingi alifikishwa na vyombo vya watu. Kijani chake kimepoa, mara anageuka kahawia ukimsogelea. Wa Pemba ni kama taa.

Na sababu ya kuwa na vitu vyetu peke yetu iko chini ya bahari. Zamani za barafu, bahari ilipopungua kina kwa mita kama 120, Unguja iliungana na bara. Mnyama wa Bagamoyo angeweza kwenda kwa miguu. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo kati yake na Tanga una kina cha mita mia kadhaa, kuna sehemu unapita 800. Aliyekuwa Pemba alibaki Pemba.

#7 Kilifi_Damu

Wadau wa Pemba, hapa Kilifi tuko na mjusi mdogo ako na kichwa cha manjano, mwili wa kibuluu-kijivu. Anakaa kwa ukuta na kwa mti, mchana. Ni huyo?

#8 MpembaWaTemeke

Si huyo, lakini umegusa mtu wa maana. Huyo ni Lygodactylus picturatus, mwenye kichwa cha manjano ni dume. Anafika kama nusu ya huyu wetu kwa urefu. Yule Lygodactylus pakenhami niliyemtaja #4 ni wa ukoo wake. Kwa hiyo tukisema "mijusi ya mchana ya pwani" tuna koo mbili: moja imetokea bara (yenu), nyingine imetokea baharini (Phelsuma).

Nasema baharini kwa sababu ukoo wa Phelsuma kitovu chake ni Madagaska. Wamesambaa Komoro, Shelisheli, Morisi, Réunion, na mmoja yuko mbali kabisa visiwa vya Andaman, India. Karibu wote ni wa visiwani. Walifikaje? Tazama maji yanavyokwenda. Mkondo unatoka mashariki, unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, unagonga pwani yetu, kisha unapanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba. Kimbunga kinang'oa mti, mti unaelea na mayai kwenye upenyo wa gome. Mayai yao yana ganda gumu kama la kuku, si laini kama ya nyoka. Haihitaji kufika jahazi zima la mijusi. Inatosha bahati moja katika miaka laki nyingi.

#9 UstadhiMdogo

Tuwekane sawa hapa. Sisi Waislamu tumefundishwa kuua mjusi, kwa sababu aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim. Sasa mnatuambia tumhifadhi?

#10 ShamteBinFaki

@UstadhiMdogo hadithi ipo na hakuna anayeipinga. Mimi nilichosoma kwa mwalimu wangu ni kwamba neno lililotumika ni wazagh, na huku kwetu watu wamelichukua kwa mjusi kafiri wa ndani ya nyumba. Kama wa kijani wa shambani anaingia humo au la, muulize shehe wako, si mimi. Lakini nikuulize na mimi: wewe mjusi kafiri wa chumbani mwako umemshindwa miaka yote, anakulilia "chak chak chak" juu ya chandarua, halafu utoke uende shambani ukawinde wa watu?

#11 UstadhiMdogo

😂😂 Yakhe umenishika pabaya.

#12 mama_Rukia

Asalaam alaykum wanangu. Mimi niko Wete, si mjuzi wa kuandika lakini hili nalijua. Huyu anakuja jikoni kwangu kila asubuhi. Nikiweka ndizi mbivu kwenye ungo, iliyopasuka ganda, anashuka kwenye boriti taratibu, anasimama, anaangalia, anashuka tena. Halafu analamba. Hamungunyi, analamba kwa ule ulimi wake mnene wa pinki. Siku moja nilimwaga shira ya visheti kidogo mezani, walikuja wawili wakapigana, mmoja akaacha mkia. Ule mkia ukaruka ruka peke yake, mjukuu wangu akalia siku nzima.

Simpigi. Inzi anakula yeye.

#13 MpembaWaTemeke

Mama yangu shikamoo, umeandika kuliko sisi wote.

Ni kweli, wanapenda utamu: nekta, chavua, tunda lililoiva, pamoja na wadudu. Na hapa ndipo @MzeeWaKaratasi asogee karibu. Kule Morisi watafiti waliwachunguza ndugu wa huyu mjusi, wakakuta kuna mmea adimu, Roussea simplex, unaomtegemea mjusi wa kijani wa huko, Phelsuma cepediana. Analamba nekta, chavua inamganda kichwani, anapeleka ua jingine. Akila tunda anasambaza na mbegu. Halafu wakaja sisimizi wa kigeni, wakaliteka ua, wakawa wanamfukuza mjusi. Mmea ukakosa mposaji.

Sisemi wa Pemba ana ua lake hivyo, sijaona aliyeandika. Nasema kiumbe anayelamba maua kutwa nzima hakai bure.

Mama, nikuombe kitu. Ukimwona jike, mtazame shingoni, pande mbili chini ya masikio. Kuna wakati panavimba vifuko viwili vyeupe, mtu akidhani ana ugonjwa. Ile ni akiba ya chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai.

#14 mama_Rukia

Kumbe! Na mimi nilidhani ana matezi. Nilitaka kumwambia mjukuu asimguse.

#15 Mluguru_Halisi

Nimesoma kimya ila sasa naingia, kwa sababu swali la "anauzwa shilingi ngapi" kwetu Morogoro lilipata jibu.

Msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru. Kuna mjusi mdogo, dume lake ni buluu ya kung'aa hasa, kama kioo cha chupa. Lygodactylus williamsi. Huyo naye ameandikwa na Loveridge huyohuyo, 1952. Anaishi kwenye majani ya mikadi ya msituni, na msitu wenyewe ni mdogo, ungeumaliza kwa miguu asubuhi moja. Wazungu wa kufuga mijusi sebuleni wakampenda. Watafiti wakafuatilia kundi moja tu la wakamataji kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, wakakuta limetoa zaidi ya mijusi 32,000. Na si kukamata tu. Wengine walikuwa wanakata mkadi mzima ili wamshike aliyejificha juu. Mkadi ukishalala chini, hata aliyeponea hana pa kurudi.

Kuanzia 2017 yumo kwenye kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe wa porini, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Serikali nayo ilishazuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016. Lakini vijana waliokuwa wanapanda ile mikadi walilipwa hela ya soda. Aliyetajirika hakuwahi kuuona msitu.

#16 MzeeWaKaratasi

Dah. Nimerudisha swali langu mfukoni.

#17 Mattrah_Boy

Wandugu, niko Muscat, asili yangu Chake. Wazee wetu walihamia huku, lakini picha ya Pemba iko kichwani. Uzi huu umeniliza. Ninakuja mwezi ujao likizo. Nikimchukua mmoja, au wawili tu, dume na jike, nikawaweka kwenye bustani ya marehemu babu ina mitende na ndizi, kuna ubaya? Huku wangetunzwa kuliko huko mnakowapiga mawe.

#18 MpembaWaTemeke

Ndugu yangu, nimekuelewa kabisa na nimekuhurumia, lakini usifanye hivyo.

Kwanza sheria. Ukoo mzima wa Phelsuma umo kwenye orodha za CITES, huwezi kumtia kwenye begi kama karafuu. Zanzibar ina sheria yake ya misitu na maliasili, namba 10 ya 1996, na wanyamapori si jambo la Muungano, kwa hiyo usitafute kibali Dar ukadhani umemaliza. Utaaibika pale uwanja wa ndege.

Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi: tuseme wamefika salama. Ama watakufa na lile joto lenu la kiangazi, ama hawatakufa, na la pili ndilo baya. Ndugu zao wa Madagaska, Phelsuma laticauda, walifikishwa Hawaii 1974. Leo wamejaa pale mpaka watalii wanadhani ni wenyeji, wanapigwa picha kwenye kadi. Phelsuma grandis, yule mkubwa wa Madagaska, ameingia Morisi na anawala mijusi wadogo wa pale ambao hawana kwingine. Mnyama wa kisiwa akitoka kisiwani kwake, kuna kisiwa kingine kinalia.

Na usije ukadhani hawa hawapotei. Kisiwa cha Rodrigues, jirani ya Morisi, kilikuwa na Phelsuma wawili wa kwake peke yake. Mmoja alikuwa mkubwa mno kwa mjusi wa aina hii, Phelsuma gigas. Wote wawili hawapo. Paka, panya, misitu kukatwa. Wa yule mwingine waliobaki ni wachache wa kwenye chupa za makumbusho, na kwenye ile dawa hata kijani hakibaki. Rangi ya manjano inayeyuka, na kijani cha mjusi ni manjano iliyokaa juu ya buluu. Ukitoa manjano unapata kitu cha kusikitisha.

Njoo Pemba. Keti kwenye kigoda chini ya mgomba saa tatu asubuhi, jua likianza kukaza. Atakuja mwenyewe.

#19 Mattrah_Boy

Nimekubali. Nitakuja na kamera. Mama Rukia, nikija Wete naomba visheti, mjusi atakuwa ziada.

#20 mama_Rukia

Karibu mwanangu, visheti vipo. Na kahawa.

#21 Kibarua_Mstaafu

Swali la mshamba. Kama wamejaa mpaka jikoni kwa mama, hofu iko wapi?

#22 MpembaWaTemeke

Si swali la kishamba, hata mimi nilijiuliza. Nikuambie ukweli, mimi si wale wa kupiga kelele kwamba anatoweka kesho. Bahati yake ni kwamba hakungoja msitu wa Ngezi. Popo wetu walipungua vibaya sana miaka ya themanini, misitu ikikatwa na watu wakiwawinda, mpaka vijiji kama Kidike vikaamua kuwalinda, wakarudi. Mjusi yeye kahamia kwa watu: mnazi, mgomba, ukuta, boriti ya jiko. Anatufaidi sisi.

Lakini hesabu yake ni tofauti na ya mnyama wa bara. Chui akiisha mkoa mmoja, yupo mwingine. Huyu ana kisiwa kimoja chenye urefu wa kilomita 67. Ugonjwa mmoja, au mjusi mmoja mkubwa wa kigeni aliyeshuka na mzigo bandarini Mkoani akazaa, hana pa kukimbilia. Wingi wake ni wa mtu mwenye hela nyingi zote kwenye mfuko mmoja wa suruali.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, hata si mradi. Usimlete mjusi wa kigeni kisiwani. Usimkamatie mgeni anayeuliza bei. Na watoto waambiwe jina lake na kwao ni wapi. Mimi hakuna aliyeniambia.

#23 mama_Rukia

Wanangu nimerudi na habari. Baada ya kusoma ya vifuko vya chokaa nilianza kumfuatilia jike langu. Leo nimemwona anatoka kwenye ufa nyuma ya fremu ya mlango wa jiko. Nimemulika tochi ya simu. Mayai mawili! Meupe, duara, makubwa kama kokwa za zambarau. Sasa baba Rukia ameshanunua rangi, fundi anakuja Jumamosi kukwangua hizo fremu na kupaka. Mayai hayo yanachukua muda gani?

#24 MpembaWaTemeke

Mama, mashaallah! Mawili ndiyo kawaida yao. Hayaatamiwi, mama yake ameshaondoka, joto la ukuta ndilo linalofanya kazi, na kwenye ukoo huu joto lina mkono hata katika kuamua nani atoke dume nani jike. Kwa kawaida mwezi mmoja na nusu hadi miezi miwili na ushei. Usiyageuze wala usiyahamishe, yai la mjusi si kama la kuku, ukiligeuza unaweza kukiua kilichomo.

#25 Mluguru_Halisi

Baba Rukia apake sebuleni kwanza, tunamwomba kwa heshima zote.

#26 mama_Rukia

Nimemwambia. Amesema "kwa ajili ya mjusi?" Nikamwambia kwa ajili ya mjusi. Amekaa kimya, akanywa chai. Fundi atapaka sebule na baraza.

#27 Kibarua_Mstaafu

Wiki ya saba hii wakuu, naupandisha uzi. Mama Rukia, ripoti?

#28 mama_Rukia

Nilikuwa nangoja nipate uhakika. Asubuhi nimemulika, ganda moja liko tupu, limepasuka upande. Mtoto nimemkuta kwenye bawaba ya mlango, mdogo kama njiti ya kiberiti mbili, macho makubwa kuliko kichwa. Mjukuu amemwona, hakulia safari hii. Yai la pili bado. Kopo la rangi liko chini ya ngazi, baba Rukia analipita kila siku anaguna.